KWANGUA KWANZA, RANGI BAADAYE



Wiki hii nimekuwa nikishughulikia gari letu hapa nyumbani, na waliopita getini wameniuliza, "Pasta, siku hizi umekuwa fundi?" Mimi si fundi. Ila Probox yetu nyeupe imepigwa na kokoto za malori ya Mlolongo kwa miaka mingi, na kwenye boneti kulikuwa na sehemu 11 ambazo rangi imebanduka. Kupiga boneti nzima rangi mpya ni gharama, na vidonda vyenyewe havizidi punje ya dengu. Kazi kama hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na subira. Nitawaeleza inavyofanywa, kwa sababu wengi wenu mna magari yenye madoa hayo hayo, na kwa sababu kuna jambo ndani yake linalohusu nyumba zetu.

Rangi ya gari ni nyembamba sana. Ukijumlisha praima, rangi yenyewe na ile vanishi inayong'aa juu, unapata kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Jiwe dogo likipenya hapo, bati linabaki wazi. Maji na hewa vikifika, kutu inaanza. Na kutu haikai mahali pamoja. Inatambaa chini ya rangi ambayo bado ni nzima, na kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inaisukuma rangi juu mpaka inavimba. Kwa nje unaona doa dogo, kumbe ndani limeshapanuka.

Wengi tukiona doa tunakimbilia rangi. Unanunua kichupa, unadondosha tone, unafurahi. Gari linapendeza kwa muda. Mvua zikija, uvimbe unatokea pale pale, na safari hii ni mkubwa zaidi. Rangi haiui kutu, wapendwa. Rangi juu ya kutu inaificha tu. Nabii Ezekieli, sura ya 13, alisema na watu waliopaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane imara, na akawaonya kwamba mvua itakuja na kila mtu ataona.

Kwa hiyo kazi inaanza hivi. Osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ili kuondoa nta na mafuta. Chukua msasa laini, namba 600, ukunje uwe mdogo kama kucha, ukwangue taratibu mpaka kutu yote iishe na uone chuma kinang'aa. Kingo za rangi iliyolegea nazo ziondoke. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa maana doa linazidi kuwa kubwa na baya kuliko ulivyolikuta. Mwanangu alisimama kando akaniuliza, "Baba, mbona unaharibu gari?" Nikamwambia asubiri.

Hapo naomba niwaambie jambo la nyumbani kwetu. Ndugu yangu anayenifuata amekubali niliseme.

Mwaka 2018 nilimdhamini kwa mkopo wa Sacco ambayo sote tulikuwa wanachama. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha. Mwaka 2020 hoteli aliyofanyia kazi ikafungwa, akashindwa kulipa, na deni likatuangukia wadhamini. Sehemu yangu ilikuwa shilingi 86,000, ikakatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi. Ndugu yangu akaacha kupokea simu zangu. Nilimsamehe mbele za Mungu, na sikulirudisha jambo hilo kwa ghadhabu. Lakini hatukuwa tukizungumza. Jamaa wakasema, "Wewe ni mchungaji, yaishe tu." Kwenye mazishi ya mjomba wetu nilishika maombi, naye akaitikia Amina, tukapeana mikono mbele ya watu. Watu wakasema, unaona, wamepatana. Usiku ule aliondoka bila kuniaga. Mke wake na mke wangu hawakutembeleana. Watoto wetu wakakua bila kujuana.

Aliyeanza kukwangua ni yeye. Agosti mwaka jana alikuja nyumbani akiwa na daftari. Alikuwa ameandika kila mwezi niliokatwa, hesabu ikatimia mpaka senti ya mwisho. Tuliketi karibu saa tatu. Alisema aliona aibu kusikia sauti yangu. Nami nikamweleza karo ya muhula gani ilikosekana, na jinsi mama alivyolia. Hakuna aliyepiga kelele, lakini haikuwa jioni nzuri. Kama mngepita hapo mngesema hawa ndugu wanaharibu kabisa. Hapana. Chuma kilikuwa kinaanza kuonekana.

Tangu siku hiyo ananitumia shilingi 3,000 kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja alituma 1,000 akapiga simu kueleza. Hatujamaliza.

Ndiyo maana nasema kusamehe na kutengeneza ni kazi mbili. Kusamehe unaweza kufanya leo, hata kabla ya mwenzako kusema neno, na Bwana ametuamuru. Kutengeneza kunataka ukweli usemwe, hesabu iandikwe, na muda upite. Tusimlazimishe mtu tabaka la mwisho siku ya kwanza.

Turudi kwenye boneti. Ukishakwangua, usiache chuma wazi hata usiku mmoja, kwa maana kutu itarudi. Weka praima kidogo kwa kijiti cha meno, iache ikauke. Kisha rangi. Nyeupe ziko nyingi, kwa hiyo usinunue kwa macho. Tafuta namba ya rangi kwenye kile kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, uwapelekee wanaochanganya rangi. Paka tabaka jembamba, lisubiri likauke, paka lingine, mpaka lijae lipande juu kidogo ya rangi ya zamani. Ukipaka nene mara moja, juu kutakauka na chini kutabaki kubichi, kisha kutajikunja. Fanya kivulini, siku isiyo na vumbi. Malizia kwa vanishi, acha wiki moja, ndipo usawazishe kwa msasa namba 2000 uliolowa maji ya sabuni, na ung'arishe kwa kompaundi. Ukitazama kwa karibu bado utaona alama. Hilo lisikusumbue. Muhimu ni kwamba kutu haiendelei.

Sasa sikieni Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Nyumba ikionekana na madoa ya pigo kwenye kuta, kuhani hapaki chokaa. Kwanza vitu vinatolewa nje. Anakagua. Nyumba inafungwa siku 7. Anarudi kukagua tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye doa yanaondolewa, kuta zinakwanguliwa pande zote, na takataka zinatupwa nje ya mji. Ndipo yanaletwa mawe mapya na lipu mpya. Na aliyeingia humo nyumba ikiwa imefungwa alihesabiwa najisi mpaka jioni. Mungu hakutaka watu wake waendelee kukaa ndani ya nyumba yenye pigo wakati ukaguzi haujaisha.

Nasema hili kwa ajili ya dada aliyepigwa nyumbani kwake kisha akaambiwa na watu wa kanisa avumilie, aombe, arudi jioni ile ile. Mpendwa, kukaa mahali salama wakati jambo linakaguliwa si ukosefu wa imani. Simu ya 1195 ni ya bure, na ofisi yangu na ya Mama Mchungaji iko wazi. Hatutakupakia rangi.

Na wewe unayeongoza kwaya ukiwa huongei na mwenzako mnayesimama mstari mmoja, au mzazi aliyeacha kumtaja mtoto mmoja kwenye maombi ya familia, wiki hii anza na doa moja. Usianze na yote 11. Piga simu moja. Sema ukweli mmoja kwa upole, kisha usikilize.

Tuombe. Baba, tunakuja na madoa tuliyoyaficha. Tupe ujasiri wa kukwangua, na upole wa mkono ili tusiumize palipo pazima. Mponye aliyedhulumiwa, mlinde aliye hatarini, mlainishe aliyekosa akubali kulipa. Tupe subira ya tabaka moja baada ya lingine. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Kama una jina la mtu moyoni unapolisoma hili, usiliandike hapa chini. Andika tu Amina, nami nitakuombea. Tukutane Jumapili ibadani. Mbarikiwe.