Kipima Mwanga Kilichosingiziwa

Julai 2010, wiki chache kabla ya kura ya katiba, kila aliyeishika kamera ya studio yetu pale Kangema alikuwa amekwisha kata shauri kwamba kipima mwanga kimekufa. Mwenye studio, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu tu, alisema hivyo. Wateja nao walisema picha zimeungua. Fundi mmoja wa Nairobi, aliyesimuliwa ugonjwa kwa simu, alisema bodi nzima ibadilishwe, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na ya kununua kamera nyingine iliyotumika. Mimi nilikuwa kijana wa kazi, na kamera ile niliipenda. Sikutaka ihukumiwe kabla haijachunguzwa.

Inafaa msomaji ajue kamera ya dijitali ilikuwa na maana gani kwetu. Zamani za filamu, ulipiga picha Jumamosi, roli ikasafirishwa kwa matatu kwenda kusafishwa mjini, nawe ukaishi na wasiwasi hadi bahasha irudi. Dijitali ilituondolea wasiwasi huo, kwani picha uliiona papo hapo. Siku za kazi tulipiga picha ndogo za fomu za shule na benki, Jumamosi ruracio, yaani sherehe za mahari, na harusi, Jumapili ubatizo. Picha ya fomu hurudiwa bila taabu, lakini ruracio hairudiwi. Wazee walioketi pamoja siku ile, kila mmoja amevaa koti lake zuri, huenda wasikutane tena wote wakiwa hai.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ndani ya studio, chini ya taa, picha zilitoka safi. Asubuhi nje, hasa huko juu Kanyenya-ini kwenye mashamba ya chai, ambako gathano, msimu wetu wa baridi, huja na ukungu mzito, picha zilitoka nyeupe kupita kiasi. Mbingu imepotea, vitambaa vya kichwa vimepotea, nyuso zimechujuka. Kufika saa nane mchana, jua likichomoza kidogo, kamera ileile ilipiga vizuri kana kwamba haijawahi kuugua. Nyanya mmoja nilimpelekea picha ya ruracio ya mjukuu wake. Aliishika mbali na macho, akaitazama kwa muda, akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu si mimi. Mimi sina rangi hii." Nikamwomba anipe muda kidogo.

Maneno yake yalinichoma, maana yaligusa jambo kubwa kuliko kamera moja. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kiamini kwamba ukichanganya weupe na weusi wote ulio mbele yake utapata kijivu cha katikati, na kila picha huivuta kwenye kijivu hicho. Ukijaza fremu kwa matatu nyeupe yenye ule mstari wa manjano uliolazimishwa mwaka 2004, mbunge wetu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, kipima kitaona mwanga ni mwingi mno nacho kitalifanya gari lionekane chafu. Ukijaza fremu kwa makoti meusi ya mazishini, kitaona giza, kiongeze mwanga, na makoti yageuke majivu. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gauni jeupe ndiye mtihani mgumu kuliko yote: ukilifuata gauni, uso unazama gizani, ukiufuata uso, gauni linaungua. Kampuni za Kijapani zimepambana na tatizo hili kwa miaka mingi. Nikon FA ya mwaka 1983 ilikuwa ya kwanza kuigawa fremu katika sehemu kadhaa na kuzilinganisha. Hata hivyo, kulinganisha si kujua.

Wakati huo nilizoea, kila harusi iliponipeleka mjini Murang'a, kuingia katika kanisa kuu la Kianglikana nikatazame michoro ya ukutani ya Elimo Njau. Aliichora miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, naye akamchora Kristo Mwafrika katikati ya watu Waafrika, na nyuma yao vilima kama hivi vyetu. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi. Weusi wa ngozi pale haukuwa giza. Ulikuwa na mwanga wake, na nguo nyeupe kando yake hazikuumeza. Mchoraji hakuwa na kipima. Alijua anamtazama nani. Kwa hiyo niliporudi studio nilikuwa na maswali mawili ambayo wenzangu walikuwa wameyachanganya: je, kipima kinadanganywa na kilicho mbele yake, au kweli kimeharibika?

Nilianza na yaliyo rahisi, kwa sababu kamera inayopita mikononi mwa watu wengi huachwa imebonyezwa hapa na pale. Nilitazama kama kuna mtu ameacha ile fidia ya mwanga kwenye kujumlisha. Haikuwapo. Nilirudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Niliangalia kama kipima kimewekwa kupima nukta moja tu ya katikati, maana kikipima hivyo na nukta ikaangukia kofia nyeusi ya mzee, picha nzima itaungua. Hapana, kilikuwa kinapima fremu yote. Nilifikiria hata kile kitundu cha kuchungulia: kamera ikiwa juu ya miguu mitatu bila jicho la mpiga picha kukifunika, mwanga huingia kwa nyuma na kukihadaa kipima. Lakini mwanga wa nyuma huitia picha giza, na yetu iliungua.

Basi nikaamua kukinyamazisha kipima kabisa. Nyuma ya studio kulikuwa na ukuta wa saruji usiopakwa rangi, na saruji kavu ni kijivu kizuri. Nikafika pale asubuhi na mapema, ukungu bado umelala bondeni, nikaiweka kamera mahali ambapo mimi ndiye ninayeamua kila kitu. Nikapiga tundu la lenzi likiwa namba 4 na shata sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Kisha namba 5.6 na sehemu ya 500. Kisha namba 8 na 250. Kisha namba 11 na 125. Kila hatua tundu linapungua, shata inakaa wazi mara mbili zaidi, kwa hiyo mwanga unaofika ndani ni uleule. Picha zote zilipaswa kufanana. Hazikufanana. Ya namba 4 ilikuwa ukuta wa saruji kama ulivyo. Ya 5.6 ilipauka kidogo. Ya 8 ilipauka zaidi. Ya 11 ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Nilirudia, safari hii nikiliacha tundu pale kwenye namba 4 na kubadilisha shata pekee. Picha zilipungua mwanga hatua kwa hatua, sawasawa kabisa. Shata ilikuwa nzima. Na kipima hakikuwa na neno lolote katika majaribio yale, hivyo hakingeweza kulaumiwa.

Nikaifungua lenzi kutoka kwenye kamera. Kwa nyuma ina kijiti kidogo cha chuma. Ukikisukuma kwa kidole, vibamba vyembamba vilivyo ndani hufunguka, ukikiachia hujifunga kufumba na kufumbua. Kamera za namna ile hupima mwanga tundu likiwa wazi kabisa, ili mpiga picha aone vizuri, kisha hupiga hesabu: funga hadi namba 11. Ukibonyeza, kijiti huachiliwa, vibamba hujifunga, ndipo shata inafunguka. Nilipokiachia kijiti chetu, vibamba vilisogea polepole, kama mzee anayepanda kilima cha Kangema na mzigo mgongoni. Nikaigeuza lenzi kuelekea dirishani. Vibamba vinapaswa kuwa vikavu, weusi wake usiong'aa. Vyetu vilikuwa na utando wa mafuta uliometameta kwa rangi za upinde wa mvua.

Hapo kila kitu kikajieleza. Kipima kilisema namba 11, na kilisema kweli, lakini shata ilifunguka kabla vibamba havijatoka kwenye namba 4. Kutoka 4 hadi 11 ni hatua tatu, na kila hatua ni mara mbili, kwa hiyo picha ilipata mwanga mara nane ya ulioagizwa. Studioni hatukuona kitu kwa sababu chini ya taa zetu hafifu tulipiga tundu likiwa wazi sikuzote, vibamba havikuwa na kazi. Nje asubuhi, baridi ya gathano iliyagandisha mafuta. Mchana joto likaja, yakalainika, vibamba vikaamka. Ili niwe na hakika niliiweka lenzi ndani ya sweta, karibu na mwili, hadi ikapata joto, nikarudi ukutani. Ya namba 11 ilitoka karibu sawa na ya namba 4.

Lakini harusi hazingojei fundi. Nilipiga tundu likiwa wazi kabisa na shata ya kasi, na sikuukabidhi uamuzi kwa nyuso wala magauni. Nilipima juu ya majani ya chai yaliyo katika mwanga uleule wa watu, kwa sababu kijani kile kiko karibu sana na kijivu kinachoaminiwa na kipima, nikaziweka namba zile na kuziacha hapo. Palipokosekana chai nilipima kiganja changu, nikaongeza hatua moja. Nyuso zilianza kutoka na rangi za wenyewe, na nyanya yule akapigwa picha upya, ameketi kwenye kiti mlangoni kwake, mchana kweupe.

Aliyeiponya lenzi alikuwa fundi wa saa mjini Murang'a, mtu mwenye bisibisi ndogo kuliko njiti ya kibiriti. Alivisafisha vibamba kwa petroli ya viberiti, akavikausha, akavisafisha tena, kwa kuwa mafuta yaliyojificha kwenye kingo hurudi ukiridhika mapema. Alitueleza pia yalikotoka: ni grisi ya pete ya kulengea, inayoyeyuka lenzi ikiachwa kwenye joto kali, kama vile juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kisha ikateremka hadi kwenye vibamba. Asubuhi iliyofuata nilirudi kwenye ukuta wa saruji kungali baridi, nikapiga namba 4 hadi 11, na picha zote zikawa ndugu. Mwalimu alizitazama kwenye skrini moja baada ya nyingine bila kusema neno, akachukua simu, akampigia yule fundi wa Nairobi kumwambia asiagize bodi.