Zebaki ya mgodini, zebaki ya usoni!

Leo tuongee habari za ngozi, na hasa nasema na nyinyi mnaofanya kazi saluni, maana mikono yenu inafika usoni kwa mtu kabla ya daktari.

Huku kwetu Usukumani, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Geita, weupe una bei yake. Wala sitanii. Nimekua nikisikia wazee wakipanga mahari: binti mweusi ng'ombe kadhaa, maji ya kunde wanaongezwa, mweupe ndiyo usiseme. Kwa hiyo sista duu akijipaka mkorogo msimwone hana akili. Kapiga hesabu zake. Binamu yangu alipochumbiwa, shangazi mwenyewe ndiye aliyemnunulia vikopo. Kwake ule ulikuwa mtaji.

Sasa hesabu hiyo inasahau ngozi ilivyo. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hili halitaki digrii. Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, linalojifanya upya kila baada ya wiki nne hivi. Chini yake kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu na ya fahamu, kisha mafuta. Kwenye sakafu ya lile tabaka la juu ndipo vilipo viwanda vya rangi, yaani melanini. Mzungu na Msukuma wana viwanda karibu sawa kwa idadi! Vyetu vinazalisha zaidi tu, na rangi hiyo ndiyo mwavuli wetu wa jua. Ndugu zetu wenye ualbino hawana mwavuli huo, ndiyo maana saratani ya ngozi huwawahi mapema.

Mkorogo kazi yake ni kufunga viwanda. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Krimu za steroidi huikondesha ngozi mpaka inapasuka michirizi, na kidonda kinachelewa kupona. Vidole navyo vinagoma kubadilika, ndipo mtaani wanacheka: uso Fanta, vidole Coca-Cola!

Lakini kiboko ni zebaki. Hapa watu wa Nyarugusu na Rwamagasa mtanielewa haraka. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha, anatia zebaki ikamate dhahabu, kisha anaichoma iruke. Mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu, mikono inaanza kutetemeka. Basi zebaki hiyohiyo, ikishageuzwa kuwa chumvi, ndiyo inayotiwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua, kwani inazuia melanini isitengenezwe. Kaka anaonywa mgodini kwamba ni sumu, dada anailipia aipake shavuni!

Na ngozi haiizuii. Inapenya mpaka kwenye damu, inakwenda kutua kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Baadhi walipoacha, walipata nafuu.

Binamu yangu aliolewa, ng'ombe wakaja. Mwaka haujaisha, akawa anaamka uso umevimba, miguu imejaa, mkojo unatoa povu. Hospitali wakasema figo, wakamwambia atupe vikopo vyote. Ng'ombe wawili waliuzwa kulipia matibabu. Shangazi siku hizi mkorogo hautaji.

Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 kazi ya kuvidhibiti iko TBS. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaopambana na zebaki. Hata hivyo vikopo bado vinauzwa chini ya meza, na vingine havijaandikwa kilichomo.

Kwa hiyo wewe fundi wa saluni, mteja akija na mabaka, michirizi au uso umevimba asubuhi, usimwongezee krimu nyingine juu yake. Mwambie kweli, mwelekeze hospitali. Madaktari wa ngozi wapo. Pale KCMC Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992. Na usikoroge kwa mikono mitupu. Mteja anapaka kwake tu, wewe unashika ya wateja wote.

Na nyinyi wazee mnaopanga mahari, pamoja na makaka mnaotafuta mweupe, hamchomoki hapa. Mwenye kikopo anauza kwa sababu nyinyi mmeweka bei. Siku mtakapohesabu ng'ombe bila kuangalia rangi, biashara yake itakufa yenyewe.

Tuonane wiki ijayo!