Utafiti Haupimwi kwa Mwaka Mmoja wa Fedha

Watumishi wa umma huniuliza utafiti wa sayansi ya msingi utatupatia nini mwaka huu wa fedha. Swali ni halali, kwa kuwa fedha ni za wananchi. Kasoro yake ni kipimo cha muda.

Chukueni superkondakta, yaani metali ambayo ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani. Kwa tabia yake hufukuza uga wa sumaku. Hata hivyo, jozi zake za elektroni huweza kupenya utando wa metali ya sumaku wenye unene wa nanomita chache. Mwaka 1982 Buzdin, Bulaevskii na Panyukov walikokotoa kwamba, utando ukifikia unene fulani, mkondo upitao kati ya superkondakta mbili hugeuza mwelekeo. Jaribio la Ryazanov na wenzake huko Chernogolovka, karibu na Moscow, lilithibitisha hilo mwaka 2001. Katika miaka hiyo 19 dola ya Kisovieti ilisambaratika, lakini maabara ilibaki na wanafunzi waliendelea kufunzwa.

Superkondakta yenyewe iligunduliwa mwaka 1911. Leo koili zake zimo ndani ya mashine nyingi za MRI hospitalini.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe mambo mawili. Matumizi ya fedha yakaguliwe kila mwaka, bila huruma. Matokeo ya utafiti yapimwe kwa kipindi kirefu zaidi, na bajeti ya maabara isikatwe katikati. Mtafiti anayedaiwa jibu kila Juni atachagua maswali ambayo majibu yake anayajua tayari.