Tulipoweza Kusahihisha Wenyewe

Malalamiko ya wahandisi wa miundo juu ya programu zao za kukokotolea hayatofautiani sana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kanuni mpya za zege zimeshachapishwa, lakini kwenye menyu bado zimeorodheshwa zile za zamani. Hitilafu iliyoripotiwa matoleo mawili yaliyopita ingali palepale. Toleo la mwaka limefika na vitufe vya rangi mpya, ilhali slabu inakokotolewa vilevile. Nakubaliana na wanaolalamika, kwa kuwa mtu anayetia saini mchoro wa jengo ana haki ya kudai chombo kinachokwenda na wakati. Ila nikiukumbuka mwendo wa fani hii tangu zama za karatasi, siwezi kusema kwamba kasi ndiyo iliyoharibika. Kanuni na vitabu vilichelewa zamani kuliko sasa. Kilichotuponyoka ni uwezo wa mhandisi kujisahihishia mwenyewe wakati anasubiri, na naamini hapo ndipo chanzo cha hasira hii yote kilipo.

Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha makala ya kurasa kumi iliyoonyesha jinsi ya kugawa momenti katika fremu za boriti na nguzo hatua kwa hatua, bila kutatua rundo la milinganyo kwa pamoja. Njia hiyo iliwabeba wahandisi wa dunia nzima kwa miongo kadhaa, na vyuoni imeendelea kufundishwa hata baada ya kompyuta kuingia. Ilikuwa nyepesi, na zaidi ya hapo kila namba yake ilionekana. Mkaguzi aliweza kuchukua karatasi za mwenzake, akafuata mgawanyo kutoka kiungo hadi kiungo, akakuta mahali kosa lilipoingilia. Kanuni za Uingereza za CP 110 za mwaka 1972 zilipoipisha BS 8110 ya mwaka 1985, kilichohitajika ni kitabu chenyewe na chati zake. Kitabu huenda kilichukua muda kufika, lakini kikishafika mezani mhandisi alibadili vigawo vyake siku hiyohiyo na kuendelea na boriti aliyokuwa nayo. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwomba ruhusa.

Kompyuta za kwanza hazikuuvunja utaratibu huo, jambo ambalo leo husahauliwa kwa urahisi. Programu ya STRESS ilitoka MIT mwaka 1964 chini ya uongozi wa Steven Fenves, na iliwawezesha wahandisi kueleza muundo kwa amri zinazosomeka badala ya safu za namba tupu. Mwaka 1970 Edward Wilson wa Berkeley alitoa SAP, na mwaka 1973 ikafuata SAP IV, iliyoandikwa kwa Fortran na kusambazwa pamoja na msimbo wake. Aliyekuta kosa aliweza kufungua mistari inayohusika, akairekebisha na kuiendesha programu upya. Programu kadhaa za baadaye zilichipuka humo. Wilson mwenyewe alionya tangu mwanzo kwamba programu haina akili na kwamba dhamana ya matokeo ni ya mhandisi. Lilikuwa onyo la haki, kwa sababu aliyebebeshwa dhamana alikuwa amekabidhiwa msimbo pia.

Miaka ya 1980 na 1990 ikaleta kompyuta za mezani, na pamoja nazo programu za kuuzwa kwenye maboksi: diski, kitabu kinene cha maelezo, na kifaa kidogo cha ufunguo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Hapo ndipo msimbo ulipofungwa. STAAD, SAP90, ETABS, na kwa ofisi nyingi za kwetu Prokon ya Afrika Kusini, zilimaliza kwa dakika kazi ya wiki, na sitaki mtu adhani naililia penseli. Jengo la ghorofa ishirini lenye mizigo ya upepo na tetemeko halikokotolewi kwa mkono bila kuacha mengi nje. Tulitoa kitu, tukapata kitu. Tena boksi lilikuwa mali ya mnunuzi: toleo jipya lisipokuwa na maana, ofisi ilibaki na la zamani pamoja na fedha zake, na muuzaji alijua hivyo. Penye pengo, wahandisi walijaza kwa lahajedwali. Mwaka 2000 Reinforced Concrete Council ya Uingereza ilitoa lahajedwali za kusanifu zege kwa BS 8110 na kanuni za Ulaya za Eurocode 2, fomula zikiwa kwenye seli zake. Lahajedwali za namna hiyo zilipita mkono kwa mkono kati ya ofisi, nyingine zikiwa na makosa, lakini yalikuwa makosa ambayo mwenye macho aliweza kuyaona.

Kisha ukaja upangishaji. Mwaka 2016 Autodesk, wamiliki wa programu za Revit na Robot, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Tangu hapo mteja hulipia muda, na muda ukiisha programu hufungwa. Kampuni nyingine nazo zikaelekea huko, kila moja kwa namna yake. Hoja ya wauzaji ilikuwa kwamba mapato ya uhakika yangewawezesha kuboresha mara kwa mara bila kungoja toleo kubwa. Ni hoja yenye mantiki, ila utaratibu huo ulimnyang'anya mteja silaha yake moja, ile ya kukataa toleo lisilo na maana bila kusimamisha kazi. Julai 2020 kampuni 25 za usanifu majengo, zikiwamo Zaha Hadid Architects na Grimshaw, zilimwandikia barua ya wazi mkuu wa Autodesk, Andrew Anagnost. Zilisema gharama zimepanda huku Revit, iliyotoka mwaka 2000, ikiwa imesogea kidogo tu, na kwamba sehemu kubwa ya kazi zake bado inatumia kiini kimoja cha prosesa kwenye kompyuta zenye viini vingi. Anagnost alijibu hadharani na kukiri kwamba upande wa usanifu majengo haukuendelezwa kama wateja walivyotarajia. Mwaka 2022 vyama vya wasanifu majengo vya nchi za Nordiki vikaandika barua ya kwao. Hao si wahandisi wa miundo, lakini modeli zao ndizo zinazotufikia, na faili iliyohifadhiwa katika toleo jipya la Revit haifunguki katika toleo la zamani. Ofisi moja ikisasisha, washirika wake wote kwenye mradi wanaburutwa, watake wasitake.

Wapo wahandisi makini wanaoutetea mwendo wa polepole, na hoja yao ni nzito. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulipasuka na kuzama katika Gandsfjord, karibu na Stavanger nchini Norway, wakati ukijaribiwa majini. Uchunguzi ulionyesha kwamba ukokotoaji wa kompyuta ulikadiria pungufu kwa asilimia 47 nguvu ya mkato katika kuta fulani, yaani ile nguvu inayotaka kuupasua ukuta kwa mshazari. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700. Programu iliyotumika ilikuwa mashuhuri na iliyokomaa. Ikiwa chombo kilichokomaa huweza kutoa jibu la namna hiyo, wanasema, sembuse kilichotolewa kwa haraka ili kuwanyamazisha wateja? Nami sitamani toleo lolote litoke kabla ya kupimwa. Lakini tuitazame Sleipner vizuri. Kosa la ukokotoaji lilikuwa katika jinsi sehemu hiyo ilivyogawanywa kwenye modeli ya kompyuta kuwa vipande vikubwa mno, na ukokotoaji makini uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62, wakati wenyewe ulishindwa kwenye mita 65 hivi. Maarifa yalikuwapo. Lililokosekana ni jicho juu ya kile kompyuta ilichokuwa imefanya, na msimbo uliofungwa hauliongezi jicho hilo.

Tahadhari inahusu kupima, wala haidai ukimya. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati huko Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ilikosea kugawanya namba fulani. Intel walikuwa wamekwisha kulibaini kosa hilo wenyewe bila kulitangaza, na mwanzoni walitaka mteja athibitishe kwamba linamhusu ndipo abadilishiwe. Kosa lenyewe lilijitokeza mara chache sana. Hasira za watu zilitokana na kufichwa, na kampuni iliishia kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha. Kwenye programu za miundo, baadhi ya kampuni huchapisha hitilafu zilizorekebishwa katika kila toleo, na zinastahili kusifiwa kwa hilo. Lakini mhandisi anayesubiri anahitaji zaidi ile orodha nyingine, ya hitilafu zinazojulikana na ambazo bado hazijarekebishwa. Akiijua anaweza kuzikwepa hata mwaka mzima. Asipoijua, kila siku ya kuchelewa anaendelea kuamini namba mbovu.

Pingamizi la pili ni kwamba elimu yenyewe huenda polepole, kwa hiyo miezi ya programu si kitu. Mwaka 1967 Gaspar Kani wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha kwamba boriti za zege zisizo na ringi hupungukiwa nguvu ya kustahimili mkato, kwa uwiano, kadiri kina chake kinavyoongezeka. Kanuni za Marekani za ACI 318 ziliingiza kipunguzi cha kina katika mlinganyo wa kawaida wa boriti hizo mwaka 2019, miaka 52 baadaye. (Waliolelewa na BS 8110 walikuwa na kigezo cha kina mezani mwao tangu 1985.) Kweli, miaka 52 inaufanya mwaka mmoja wa programu uonekane mdogo. Ila katika miaka hiyo yote, mhandisi aliyesoma matokeo ya Kani aliweza kupunguza nguvu ya slabu yake nene ya msingi kwa hiari yake, kwa sababu mlinganyo ulikuwa mikononi mwake. Kanuni zilimwekea kiwango cha chini, wala hazikumzuia kuwa mwangalifu zaidi. Programu isiyoruhusu kuguswa kwa mlinganyo wake humzuia.

Kwetu Afrika Mashariki husemwa pia kwamba majengo hayaangushwi na programu. Tukikumbuka majengo yaliyoporomoka Huruma, Nairobi, mwaka 2016 na Kariakoo, Dar es Salaam, mwaka 2024, ni vigumu kubisha: usimamizi mbovu, zege duni na ujenzi usiofuata vibali vinatutosha kwa maafa. Lakini pale ambapo nondo hupunguzwa na zege huongezwa maji, ile akiba ya nguvu iliyoachwa kwenye usanifu ndiyo kinga pekee iliyobaki, na akiba hiyo hukokotolewa na programu hizihizi. Hatuna anasa ya kuikosea.

Hoja kwamba soko letu ni dogo ina ukweli zaidi. Hakuna kampuni ya ng'ambo itakayokimbilia kuiwekea nchi moja ya kwetu kanuni zake. Uingereza iliiondoa BS 8110 mwaka 2010, na ofisi zetu nyingi ziliendelea nayo kwa miaka. Kenya ilitangaza kanuni mpya za ujenzi mwaka 2024 badala ya zile za 1968, zikielekeza kwenye Eurocode. Eurocode huiachia kila nchi vigezo vya kujipangia, na mhandisi akiruhusiwa kuviandika mwenyewe ndani ya programu hatahitaji kumsubiri mtu. OpenSees, iliyozaliwa Berkeley na ambayo msimbo wake uko wazi hadi leo, inathibitisha kwamba uwazi wa namna hiyo unawezekana, ingawa inatumika zaidi kwa watafiti. Na muda haupo mwingi. Kizazi cha pili cha Eurocode kimeanza kutoka, sehemu kuu ya zege ikiwa imechapishwa mwaka 2023, na nchi za Ulaya zinatakiwa kuondoa kizazi cha kwanza ifikapo tarehe 30 Machi 2028. Wauzaji wataifuata Ulaya. Ofisi moja ya Nairobi au Dodoma haina nguvu ya kuwauliza chochote, lakini Engineers Board of Kenya na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania zinayo. Waulizwe kwa maandishi, kabla ya tarehe hiyo: kanuni zinazotumika kwetu zitabaki kwenye menyu hadi lini, vigezo vya nchi vinaandikwa wapi, na hitilafu zinazojulikana zimeorodheshwa katika ukurasa upi.