Maji ya Rejeta

Mkulima mmoja wa upande wa Njoro alikuwa na pikapu kuukuu aliyoipenda kama ng'ombe wa maziwa. Siku moja alipanda nayo mlima kutoka Salgaa, akipeleka viazi Eldoret, na karibu na Mau Summit mshale wa joto ukaingia kwenye wekundu. Akashuka kwa haraka, akanyosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Mwanawe, ambaye alikuwa amejifunza ufundi kidogo, akamshika mkono: "Baba, tafadhali, ngoja kwanza." Baba alikasirika, maana mnunuzi hangojei, hata hivyo akangoja.

Mwana alisema kweli. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, bali Nakuru, ulio juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, huchemka karibu na digrii 94, na Mau Summit mapema zaidi. Kifuniko ndicho kiyabanacho maji yasichemke hata yakipita digrii 100. Kikifunguliwa ghafula, mbano waondoka, na maji hugeuka mvuke mara moja, yakamrukia mfunguaji usoni.

Siku ya pili, nyumbani, injini ikiwa imepoa kabisa, wakayatoa maji ya zamani. Gari lilisimamishwa mahali tambarare, mawe yakawekwa penye magurudumu. Kifuniko kikashikwa kwa kitambaa kinene, kikazungushwa polepole. Kisha karai likatiwa chini ya rejeta, na kizibo cha chini kikalegezwa. Yakatoka maji ya kijani yenye kutu.

Baba alitaka kuyamwaga mferejini, kama desturi yake. Wakati huo mbwa wao alikuwa amekwisha kuja kunusa karai! Dawa itiwayo katika maji hayo, ethilini glikoli, ina ladha tamu, nayo ni sumu iharibuyo mafigo. Kidogo tu chatosha kumwua mbwa, na mtoto pia yu hatarini. Mfereji ule washuka hata mto Njoro, na mto waingia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto utokao.

Mbwa akafukuzwa. Maji yakatiwa katika debe lenye kifuniko, likaandikwa SUMU, likapelekwa kwenye gereji ya mjini ipokeayo machafu ya namna hiyo.

Wako wasemao dawa hiyo ni ya nchi za barafu tu. Sivyo, huzuia kutu pia, na kuchelewesha kuchemka. Baba akatia mpya, nusu dawa na nusu maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kwa kuwa maji ya visima huweza kuwa na chumvi ziachazo ukoko ndani ya rejeta. Jumatatu wakaupanda tena mlima wa Salgaa.