Begi la kijana anayekwenda kuwinda koyote

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba begi unawaza madaftari, chupa ya maji na hotpoti la chakula. Kijana wangu wa miaka 14 aliponiomba begi Novemba iliyopita, alitaka la kubebea vifaa vya kuwindia wanyama walao nyama. Nilinyamaza kwanza. Kisha nikamwambia nitampa jibu baba yake akipiga simu.

Tunaishi Iowa, katikati ya Marekani, kwenye mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu, kwa hiyo mambo mengi ya nyumbani tunayaamua kwa simu. Huku watu huanza kuwinda wakiwa watoto, wakifuatana na baba na babu zao, na kijana asiyewahi kwenda hubaki akisikiliza hadithi za wenzake Jumatatu shuleni. Mwaliko ulitoka kwa jirani yetu, mzee mfugaji ambaye mjukuu wake anasoma na mwanangu.

Mnyama mwenyewe anaitwa koyote. Ni jamaa ya mbwa mwitu na mbweha, mkubwa kidogo kuliko mbweha wa kwetu. Chakula chake kikubwa ni panya na sungura, lakini akipata nafasi huchukua kondoo na ndama wachanga. Ng'ombe wa mzee huyu huanza kuzaa mwishoni mwa baridi, na mimi niliyekulia Dodoma nikisikia fisi wakizunguka zizi la mbuzi sikuhitaji kuelezwa hasira ya mfugaji. Hapa Iowa koyote huwindwa mwaka mzima, ila wengi huwafuata miezi ya baridi, manyoya yao yanapokuwa mazito.

Mimi na mume wangu tulikubaliana jambo moja: kozi kwanza. Sheria ya Iowa inasema mtu aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 hapati leseni ya kuwinda bila cheti cha mafunzo ya usalama. Mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kufuatana na mtu mzima mwenye leseni, lakini sisi tulitaka cheti hata hivyo. Kijana akasoma, akafanya mtihani, akafaulu. "Haya," baba yake akasema kwenye simu, "bunduki ni ya mzee na itabaki kwa mzee. Begi nakuachia wewe."

Sijawahi kushika bunduki maishani. Lakini begi nalijua, nimefunga mizigo ya watoto watatu miaka mingi. Nikaenda kukaa na yule mzee mezani kwake, nikamuuliza siku yao inakwendaje tangu wanapotoka mpaka wanaporudi. Nawashauri wazazi wenzangu mfanye hivyo kabla ya kununua kifaa chochote cha mchezo au safari. Bei na picha hazikuambii kitu. Mwendo wa siku ndio unaokuambia.

Siku yao huenda hivi. Wanaondoka alfajiri, wanaacha gari mbali, wanatembea kimya hadi ukingoni mwa shamba. Wanakaa chini, mgongo kwenye mti au kichaka. Mzee anaweka mbele yao kipaza sauti kidogo chenye rimoti, ambacho hutoa kilio cha sungura aliyeumia. Wanangoja kama dakika 20. Koyote asipotokea, wanabeba kila kitu na kwenda kukaa mahali pengine, mara nne au tano kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo begi hilo hushushwa na kubebwa mara nyingi, tena kwa ukimya. Hapo nikaanza kuyakataa mabegi dukani. Lenye mikanda ya kunata, ile inayolia kraaa ukiifungua, nikaliacha. Kuna kitambaa cha nailoni ambacho ndani ya duka ni laini, lakini kikipigwa na baridi kinakuwa kama karatasi, kila ukijigeuza kinalia. Nikaliacha na hilo. Nikatafuta la kitambaa laini kama cha blanketi jepesi, lenye zipu ambazo ningeweza kufunga uzi badala ya vile vyuma vinavyogongana.

Jambo la pili ni kamba zinazoning'inia. Mabegi ya vijana yamejaa mikanda ya urembo. Mashamba ya huku yana waya wa miiba, na kijana anayepita kwenye uzio akinaswa na mkanda anayumba. Mkanda unaoning'inia unaweza pia kuingia kwenye kifyatulio cha bunduki. Walifundishwa kwenye kozi kwamba kabla ya kuvuka uzio bunduki hutolewa risasi kwanza, na mzee analisimamia hilo. Hata hivyo nilichukua mkasi na kukata kila mkanda usio na kazi, nikachoma ncha kwa kiberiti zisifumuke.

Uzito nao una hesabu yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri begi la mtoto lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake. Wangu ana kilo 52, kwa hiyo mwisho wake ni kama kilo 10, na bunduki peke yake ni kilo tatu na ushee. Nililijaza begi nikaliweka kwenye mizani ya bafuni: kilo sita na nusu. Likiwa na mkanda wa kiunoni, mzigo unakaa kwenye nyonga na mabega yanapumzika.

Tulipofika kwenye rangi ndipo tulipogombana. Kijana alitaka la madoadoa kama kombati. Kwetu Tanzania raia akivaa kitu kinachofanana na sare za jeshi anatafuta matatizo. Huku madoadoa hayo yanauzwa hadi kwenye nguo za vichanga. Wenzake wote wana mabegi hayo. Mimi nikasema machungwa, ile rangi kali inayong'aa kama vizibao vya mafundi barabara. "Mama, koyote wataniona!"

Nikamrudisha kwenye kitabu chake cha kozi na kwa mzee. Macho ya mbwa na jamaa zake hayatenganishi rangi nyekundu, machungwa na kijani kama yetu. Koyote anachokiona haraka ni kitu kinachotikisika. Binadamu ndiye anayeiona machungwa kutoka mbali, na mimi namhofia binadamu. Fikiria, mzazi mwenzangu: mtoto wako amejificha kwenye kichaka, pembeni yake kinalia sungura, na mwindaji mwingine asiyejua kama wapo anasogea kufuata sauti hiyo. Na wakimpata koyote, kijana anatembea na manyoya ya kahawia mgongoni.

Tukakubaliana hivi: begi la rangi ya nyasi kavu, na juu yake kifuniko cha machungwa kinachovaliwa muda wote wa kutembea na wakati wa kubeba mnyama. Wakikaa, kifuniko kinafungwa kwenye tawi juu ya kichwa chake. Kofia ya machungwa haina mjadala.

Ndani ya begi kuna vitu hivi: viziba masikio, kwa sababu mlio mmoja wa bunduki unatosha kuharibu usikivu wa mtoto, filimbi, tochi ya kichwani yenye betri za lithiamu, maana betri za kawaida huishiwa nguvu haraka kwenye baridi, vipakiti vya kupasha mikono joto, soksi za sufu za akiba, bandeji na kitambaa cha kukazia jeraha, na glovu za mpira, kwa kuwa koyote wengi wana ukurutu na viroboto, na kichaa cha mbwa hakichagui. Usiku wa Januari huku hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo chupa ya maji inawekwa kichwa chini. Barafu huanza kushika juu, na kwa namna hiyo mdomo wa chupa hauzibi.

Chakula kilinipa taabu kidogo. Nilitaka kumfungia sambusa. Mzee akacheka, akasema koyote huzunguka ili aje kwa upande ambao upepo unamletea harufu, na sambusa za mama huyu zitasikika kijiji cha pili. Sasa anabeba mkate na karanga ndani ya kopo lenye mfuniko. Sambusa anazikuta akirudi.

Mfuko wa mwisho ni ule mdogo wa juu. Mwanangu ni mweusi, na ana urefu wa mtu mzima. Huku kuingia shamba la mtu kuwinda kunataka ruhusa ya mwenye shamba, na watoto wa wenyeji mara nyingi hutosheka na ruhusa ya mdomo. Wangu sikutaka atosheke nayo. Nilimwomba mzee aandike kwa mkono wake jina la kijana, mashamba anayoruhusiwa, namba ya simu na sahihi, na akamwomba jirani wa pili aandike vilevile. Hakuuliza kwa nini. Aliandika polepole, akaongeza mstari mmoja chini: "Mtoto huyu yuko pamoja nami." Karatasi hizo ziko kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji pamoja na cheti chake. Tulikaa na kijana tukafanya mazoezi: akiitwa na mtu, bunduki chini, mikono ionekane, aseme jina lake na jina la mzee, ndipo aombe kutoa karatasi. Aliniuliza kama mjukuu wa mzee naye anafanya mazoezi hayo. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, tukarudia tena.

Ameshatoka mara sita. Mara tano walirudi mikono mitupu na pua nyekundu. Mara ya sita alipiga mmoja. Jioni hiyo hakuwa na majigambo. Alikaa jikoni, akala sambusa moja, akasema mnyama alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu kama alivaa glovu. Alikuwa amevaa.

Mzazi mwenzangu, huenda wako haendi kuwinda. Anaenda kambi ya skauti, mechi ya mkoa au kupanda mlima na shule. Muulize anayempeleka siku nzima itakwendaje, saa kwa saa, halafu lipime begi kwenye mizani. Jiulize pia nani atakayekutana naye njiani asiyemfahamu, na ndani ya begi kuna kitu gani kitakachomweleza yeye ni nani. Mimi kila Ijumaa usiku nafungua mfuko ule mdogo kwanza, kabla ya kugusa soksi.