Tulibadili Gia, Tukasahau Breki

Siku ile kijana wetu aliporudi nyumbani akiikokota baiskeli, goti linavuja damu na shati limechanika, hatukuthubutu kumwuliza kilichotokea. Tulikijua. Mara mbili wiki hiyo alikuwa ametuambia, "Mama, Baba, breki ya kulia inalegea." Na mara mbili tulimjibu kwamba baiskeli imetengenezwa juzi tu, aache kudeka.

Tunaishi Lushoto, na barabara yetu ya kushuka kwenda Soni ni kona juu ya kona. Baiskeli tuliinunua Tanga, ya mtumba, yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume na breki za diski zinazosukumwa kwa mafuta. Tulifurahi, maana breki za namna hiyo hukamata vizuri hata wakati wa mvua. Baadaye kibadili gia cha kulia kikafa, kijana akawa anapanda milima kwa gia moja. Tukatafuta fundi wa bei nafuu, tukapata kibadili gia kilichotumika, tukaona mambo yamekwisha.

Kumbe kulikuwa na jambo tusilolijua. Katika baiskeli ya usukani ulionyooka, kibadili gia kwa kawaida hukaa peke yake. Fundi hukibadili pamoja na waya wake, na breki haiguswi. Lakini katika baiskeli kama yetu, gia na breki hukaa katika mkono mmoja, na ndani yake mna kitangi cha mafuta ya breki. Ukibadili gia, umefungua na breki.

Fundi wetu alipofungua mpira wa mafuta, yakamwagika, naye akajaza mafuta ya breki za gari aliyokuwa nayo. Breki zetu zilikuwa Shimano, ambazo hutumia mafuta ya madini. Mafuta ya gari huvimbisha na kuharibu sili, yaani mipira midogo iliyo ndani ya breki hizo. Siku za kwanza zilikamata. Halafu zikaanza kulegea, hadi siku ile kwenye mteremko mkono ukagusa usukani na baiskeli isipunguze mwendo. Breki ya kushoto peke yake haikutosha. Kijana akajitupa kwenye majani kando ya barabara, akasalimika.

Usiku tulilaumiana: nani alimchagua fundi, nani alikataa kuongeza fedha. Kisha tukanyamaza. Sote wawili tulikuwa tumemsikia mtoto, na sote wawili tulikuwa tukiusikiliza mfuko. Asubuhi tukamwomba radhi. Si jambo jepesi kwa wazazi, lakini lilikuwa deni letu.

Fundi wa pili alizizoea breki hizi, naye alitufundisha mambo ambayo tungependa akina mama wenzetu wayajue. Kwanza, kibadili gia kilingane na gia za nyuma: kama ziko 11, nacho kiwe cha 11. Pili, mafuta yawe ya aina inayotakiwa na breki yenyewe. Aina hizi mbili hazichanganywi. Tatu, mpira ukishafunguliwa, lazima hewa itolewe yote. Ukibonyeza mkono ukauhisi kama sponji, ndani bado mna hewa. Nne, mafuta yasiguse diski wala pedi za breki. Pedi zikilowa, zibadilishwe. Tano, gurudumu likiwa limetolewa, watoto wasibonyeze mkono wa breki, kwa sababu pedi husogeleana na gurudumu hukataa kurudi. Mwisho, breki ijaribiwe uwanjani polepole kabla ya kupelekwa mteremkoni.

Ilibidi tununue breki nzima ya upande ule, kuanzia mkono hadi kishika diski. Tulilipa karibu mara tatu ya fedha tulizodhani tumeokoa. Kweli, rahisi ni ghali.

Siku hizi, kabla kijana hajatoka, husimama mlangoni akabonyeza breki zote mbili, nasi tunatazama. Akina mama, mtoto akisema breki imelegea, epueni sufuria mwende mkaibonyeze wenyewe. Chakula kitasubiri.